Firigisi Amepewa Cosme

Muhamudo rafiki yangu, firigisi wamempa Cosme!

Zamu za kubeba risasi za vita vyetu vya ukombozi kutoka mto Ruvuma nimezipanga mimi. Viongozi wa zamu, wote wa kujitolea, nimewateua mimi. Leo hapa kijijini Diaca wamechinja kuku, na Mama Felismina, kiongozi wa zamu ya kwanza, akampelekea Cosme firigisi, fungu la mkubwa wa nyumba. Cosme, mwanafunzi wangu niliyekuwa nikimwamsha kwa sala kule internato, bweni la shule ya misheni!

"Wewe watupanga, Mwalimu," Mama Felismina akaniambia. "Huyu ndiye tunayemfuata njiani."

Tunayemfuata! Wakacheka wote.

Cosme akaikata, akaninyooshea nusu mbele yao: "Kula, ndugu yangu."

Nilikusudia kukataa, Muhamudo. Nikala. Ilikuwa tamu, na utamu huo ndio unaonichoma.