Jagi Moja la Udhu

Ijumaa, 5 Septemba

Tumepitisha! Kuanzia kesho, upande wa kinamama msikitini, hakuna tena kutawadha kwa bomba wazi. Kila mtu jagi moja, likiisha limeisha. Kisima kinakauka. Mwadhini anasema pampu siku hizi inakohoa, inatoa upepo kwanza ndipo ilete maji. Mwenyekiti wetu, yule mkunga mstaafu, kaleta majagi ya plastiki ya bluu, mimi nimepewa kazi ya kuyapanga. Nimefurahi kama mtoto. Tumefundishwa tangu madrasa, hata ukiwa kando ya mto usimwage maji ovyo. Na kisima kile kakichimba marehemu baba, akakitoa wakfu. Kwa hiyo moyo wangu umo humo, nikificha nitakuwa mwongo.

Jumapili, 7 Septemba

Vita! Mmoja maji yamemwishia viwikoni, miguu bado. Mwingine anadai nyongeza, eti ana nyayo kubwa. Tumecheka mpaka Imamu kakohoa upande wa pili.

Halafu muuza vitambaa akasema neno likanichoma. Eti sisi huku tunapimiana maji ya kusukutua, na nyuma ya ukuta mpira wa Povu unamwaga kutwa nzima. Wakanigeukia. Wote wanajua Povu ni mdogo wangu, tumbo moja. Uwanja wake wa kuoshea magari umeegemea ukuta wa msikiti, na maji anayavuta kutoka kisima hichohicho. Baba mwenyewe alimruhusu kuunga bomba, enzi zile karudi nyumbani hana kazi wala bazi.

Nikajifanya nafuta sakafu. Sakafu ilikuwa kavu.

Jumatano, 10 Septemba

Alhamdulillah. Acha niandike kabla sijaanza kulia tena.

Shangazi yangu, dada yake baba, ana wasiwasi wa udhu. Miaka na miaka. Anaosha mkono, anahisi maji hayajaenea, anarudia. Akifika kichwani anakumbuka mkono. Anarudi mwanzo. Imamu anatoa salamu, yeye bado yuko bombani, gauni limelowa mpaka magotini, anasikitika peke yake. Vidole vimechubuka. Imamu kamweleza, kamsomea dua — wapi!

Leo kachukua jagi. Mimi nipo nyuma yake. Yakaisha. Akaligeuza, akalitikisa. Likatoka tone. Akaniangalia.

"Yameisha?"

"Yameisha, Shangazi."

"Basi itakuwa nimetawadha."

Akaingia! Kasimama safuni kabla ya takbira, bega lake kwenye bega langu. Sijui hata nilisoma sura gani, Mola anisamehe.

Jumamosi, 13 Septemba

Mwadhini kateremsha kamba yenye jiwe kisimani. Imelowa padogo kuliko mara iliyopita. Yaani pamoja na majagi yetu yote, maji yanazidi kwenda chini.

Kinamama wamenuna. Mwenyekiti kasema jagi ni la kujiliwaza tu, ni kama kumpepea mgonjwa wa kifua kikuu. Wengine wamerudia bomba palepale, tena wamelifungua kwa hasira. Nikataka kumtaja Shangazi, nikaona haya — ni siri yake ile.

Sasa wanataka bomba la Povu likatwe. Imamu kasema ruhusa ilitoka kwa baba yetu, kwa hiyo mtoto mkubwa ndiye aseme ibaki au iondoke. Ijumaa, baada ya swala, mbele ya watu.

Mtoto mkubwa ni mimi.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimekwenda kwa Povu. Nilibeba suruali yake niliyoitia kiraka, ili nionekane nina safari ya maana. Kajua tu.

"Dada, mmejaribu majagi yenu, yamewashinda, sasa mnataka shingo yangu?"

Nikamwambia kisima kikikauka hata yeye hana kazi.

"Na nikifunga leo, si sina kazi leo? Hawa vijana wanaoosha hapa, wake zao nikawaambie nini? Watawadhe wasubiri?"

Vijana wakacheka. Na mimi, Mungu ananiona, nikacheka. Ndipo akanionyesha kiwanda cha soda ng'ambo ya barabara. Kasema wale visima vyao vimeingia ardhini kama minara iliyopinduliwa. "Ukishawafunga wale, Dada, njoo kwangu. Nitakupa na funguo."

Nimerudi nimeishiwa. Ana haki. Na kinamama wana haki. Nimekaa kwenye cherehani, nikashona zipu ya sketi ya shule kichwa chini miguu juu. Nimefumua yote.

Kama jagi ni mchezo, Shangazi je? Kama si mchezo, mbona kamba haisemi hivyo? Nimeomba mpaka goti limeuma. Sijajibiwa, au nimejibiwa sikusikia.

Jumatano, 17 Septemba

Makubwa! Shangazi kaenda kwa Povu bila kuniambia, jagi mkononi, kakaa kwenye kiti cha wateja kama ana gari.

Habari nimezipata kwa Povu mwenyewe. Kaja jioni, kasimama mlangoni, nimemwambia kaa hakai. Anasema alijiandaa kugombezwa. Wala! Kaonyeshwa vidole tu. Vimepona.

"Kaniambia, 'Mwanangu, mimi maji yalikuwa yananitosha tangu zamani. Nilikuwa sijui pa kukomea.' Sasa hilo linanihusu nini, Dada? Gari si mkono."

Nikamwambia sijui. Na kweli sijui.

"Na kile kiwanda je?"

"Nacho sijui, mdogo wangu."

Akaguna. Akaondoka na ndoo yangu ya kulowekea vitambaa. Hakuomba, hakuaga.

Ijumaa, 19 Septemba

Adhana bado kidogo. Nimeshaoga, nimeshavaa. Naandika hapahapa kwenye cherehani, dirisha linatazama uwanja wa Povu. Neno la kusema kwa Imamu sina. Nilifikiri nikiandika litakuja.

Povu kaukunja mpira, kauweka juu ya ukuta. Anaosha mwenyewe leo, vijana wamesimama pembeni mikono kiunoni. Taksi nyeupe, tope mpaka vioo. Tambara, na ndoo yangu. Dereva anauliza kama maji yamekatwa.

"Hayajakatwa, bosi. Leo tunajaribu."

"Mnajaribia kwenye gari yangu?"

Kaosha paa. Kaosha milango ya huku. Anakamua tambara kama mtu anayekamua ndimu. Simjui mtu huyu! Sasa kazunguka ng'ambo, kapaka sabuni pote. Kainamia ndoo.

Imekwisha.

Kaigeuza. Kaitikisa, vilevile kama Shangazi. Gari nusu safi, nusu nyeupe ya sabuni, na jua linaikausha. Dereva anagonga bati — twende bwana, nina abiria!

Mwadhini kaanza. Natakiwa niinuke, nikachukue jagi langu, nikatawadhe, nikaseme. Sijainuka. Povu kautazama mpira ukutani. Katazama dirisha langu, sijui kama ananiona.

Kanyoosha mkono ukutani. Bado hajaushika.