Siku Ambazo Sikufunga Mfereji

Gongoni,
14 Machi 2025

Dada yangu Pola,

Shikamoo. Natumai watoto hawajambo na kifua cha shemeji kimepata nafuu. Sisi huku tu wazima, ila mimi nimechoka, wala si kwa wingi wa kazi.

Uliniuliza kama nimewasemea kwa kampuni iliyoniajiri ili mtambo wa maji uje kwenu Kakuyuni pia. Wajua visima vya huku ni chumvi tupu. Serikali iliiruhusu kampuni kuuza maji iliyoyachuja kwa mwaka mmoja bila kibali kamili, ili mtambo ujaribiwe. Sharti ni kwamba kila asubuhi nipime chumvi na kuandika, na kipimo kikipita 700 nifunge mfereji na kupiga simu, maana hapo maji huwadhuru wenye presha.

Tarehe 18 Februari kilisoma 940. Siku hiyo tulikuwa tunamzika mzee Mwaringa, na wanawake walishapanga madumu ya kupeleka matangani. Nikawaambia mtambo una hitilafu. Emily, jirani yangu, akacheka, akasema anayewafungia wafiwa maji ataoshwa kwa maji ya bahari siku yake ikifika. Wengine hawakucheka. Nikafungua. Kitabuni nikaandika 610, kipimo cha jana yake.

Nilikusudia siku hiyo moja tu. Kesho yake kikasoma 955, na kupiga simu kungekuwa kueleza ya jana. Nikaandika 615. Nilifanya hivyo siku kumi na tatu, hadi fundi alipokuja kwa zamu yake akabadilisha chujio. Hakuna aliyelalamika.

Jumanne walikuja maafisa wa serikali. Mkubwa wao, Bwana Hesbon, alikipekua kitabu changu, akasema hajaona kilicho safi kama hicho, na kwa ajili ya kitabu hicho kampuni itapewa kibali cha kufika Marereni na kwenu. Nikasema asante.

Dada, vipimo vya kweli nilikuwa nikiviandika kwenye shajara yangu, kila kimoja na tarehe yake. Leo asubuhi nimezinakili kurasa hizo na kumpelekea Bwana Hesbon. Mtambo hauji kwenu mwaka huu, na huenda wa hapa ukafungwa. Emily na wenzake bado hawajui waliwapikia waombolezaji kwa maji gani. Nitawaambia kesho wakija na madumu.

Nisalimie shemeji na watoto. Watu wa huko wakiuliza ni nani aliyewakosesha maji, usilifiche jina langu.

Mdogo wako,
Sidi