Kusafishwa kwa Bustani ya Mama: Kumbukumbu za Kikao cha Saba

KAMATI YA BUSTANI YA NYUMBANI KWA MAMA

Tarehe: Jumamosi, 14 Machi
Mahali: Baraza ya nyuma, kati ya mlango wa jiko na tangi la maji

WALIOHUDHURIA
1. Kaka Mkubwa, mzaliwa wa kwanza, wa ofisi ya bima – Mwenyekiti
2. Mzaliwa wa pili, binti mwenye duka la mabomba – Katibu
3. Kitindamimba, fundi cherehani – Mjumbe
4. Shemeji, mume wa Kitindamimba, msimamizi mstaafu wa usafi kiwandani – Mjumbe
5. Mama, mwenye nyumba – Mlezi wa Kamati

ASIYEKUWEPO
Mzaliwa wa tatu, dereva wa lori. Yuko safarini. Alituma udhuru kwa ujumbe wa sauti.

KUMB. NA. 1/7: KUFUNGUA KIKAO

Kikao kiliitishwa saa nne. Mwenyekiti alifika saa tano kasoro dakika ishirini, akaingiza gari hadi uani, akaeleza kwamba barabarani kulikuwa na foleni. Wajumbe waliokuja kwa miguu walipokea maelezo hayo. Kikao kilifunguliwa.

KUMB. NA. 2/7: AJENDA

Katibu alisoma ajenda moja: hali ya bustani. Mwenyekiti aliomba kuongeza ya pili, kupanga vitofali vya zege uani kote. Katibu aliuliza kama vitofali ni mmea. Mwenyekiti alimtaka Katibu aandike, asiulize. Ajenda zote mbili zilikubaliwa.

KUMB. NA. 3/7: YATOKANAYO NA KIKAO CHA SITA

Katibu alikumbusha kwamba kikao cha sita kiliazimia, kwa maneno ya Mwenyekiti mwenyewe, kwamba "bustani iwe safi kabla ya kikao kijacho." Katibu alipendekeza siku ile neno "ipaliliwe", akajibiwa kwamba "safi" ni neno linaloeleweka na kila mtu. Utekelezaji alipewa Shemeji, kwa kuwa kazi ya usafi ameifanya maisha yake yote.

Shemeji aliripoti kwamba azimio limetekelezwa. Alianza na jembe, akamalizia na fagio. Mnavu, mgagani, mlenda na mchunga aliving'oa, kwa sababu vilikuwa vimeota ovyo bila mistari. Kunde alizikata kwa kuwa zilitambaa. Majani makavu yaliyotandazwa juu ya matuta aliyazoa na kuyachoma. Matuta yenyewe aliyasawazisha ili fagio lipite. Alibakiza maua mekundu ya kununua, yaliyo kwenye makopo, kwa kuwa hayo yalionekana yamepandwa na mtu.

Katibu alieleza kwamba na vile vingine vilipandwa na mtu, na mtu huyo ni yeye. Alifanya kazi hiyo kila Jumapili kuanzia mwezi wa tisa, baada ya kufunga duka, na hakuna mjumbe aliyemshikia hata ndoo. Alichagua mimea ya asili makusudi, kwa sababu inajiotea yenyewe, inavumilia jua na haidai dawa. Yale maua mekundu yanakunywa ndoo mbili kwa siku, na hakuna aliyewahi kuyala.

Shemeji alijibu, na aliomba anukuliwe: "Shemeji, mimi sikuharibu. Niliambiwa safi. Safi ninayoijua ni ile ukitupa sindano, unaiona. Uliona mwenyewe uwanja ulivyong'aa."

Kitindamimba alisema kwamba wa kulaumiwa ni waliompa kazi hiyo wakati wanamjua. "Mume wangu akishika fagio, hata kuku wanakaa kwa adabu. Nyumbani nikidondosha uzi anauokota kabla haujafika chini." Wajumbe walicheka. Katibu hakucheka.

Mwenyekiti alisema yaliyopita yamepita. Katibu aliomba ijulikane yamepita juu ya nini: mita nane kwa sita za mboga, zilizokuwa zinavunwa kila siku.

KUMB. NA. 4/7: HOJA YA VITOFALI

Mwenyekiti alieleza kwamba, kwa vile uwanja sasa ni mweupe, hii ndiyo nafasi. Mvua ikinyesha gari linazama. Vichaka vinaficha nyoka na kuzalisha mbu. Mama ni mtu mzima, anaweza kujikwaa kwenye matuta, na siku akianguka watu watauliza watoto wake walikuwa wapi. Vitofali vitadumu, na soko lipo ng'ambo ya barabara.

Katibu alikiri kwamba hoja ya kujikwaa ni ya kweli, akasema dawa yake ni njia pana, tena ngumu, kati ya matuta. Kuhusu soko, aliuliza Mwenyekiti ni lini alimwona Mama akivuka barabara ile na magoti yake.

Ujumbe wa sauti wa Mzaliwa wa tatu ulichezwa. Pamoja na muungurumo wa injini, alisikika akisema: "Mimi sina mengi. Nikirudi hapo nataka kula mboga. Sitaki mtu anipakulie vitofali. Kura yangu mshaijua, kaka asinitafutie maneno."

Mwenyekiti aliamua kwamba kura ya simu si halali. Katibu alikumbusha kwamba katika kikao cha tano kura ya simu ya mjumbe huyohuyo ilipokelewa, ilipohusu rangi ya geti aliyoitaka Mwenyekiti. Mwenyekiti alisema geti ni geti. Kitindamimba alisema na kaka ni kaka. Kura ya simu ilipokelewa.

Kabla ya kupiga kura, Mwenyekiti alimwomba Mama aseme neno, akaongeza kwamba Mama hajawahi kulalamika. Mama alisema:

"Ni kweli sijalalamika. Ngoja leo nilalamike kidogo. Asubuhi nilikuwa natoka na ungo, narudi na chakula cha mchana. Sikumwomba mtu. Sasa natoka na ungo, nazunguka, narudi nao vilevile. Kila siku nashika simu kuomba hela ya mboga kama mtoto wa shule. Huyu ananiambia ngoja jioni, huyu ananiambia si nilituma juzi. Nimewalea wanne, sikumwambia hata mmoja ngoja jioni kwa habari ya kula. Nataka ardhi yangu. Mbu nitapambana nao mwenyewe."

Mwenyekiti alisema, kwa sauti ya chini, kwamba hata hivyo suala la gari na matope bado lipo.

KUMB. NA. 5/7: KUKAGUA UWANJA

Katibu alitoa hoja kwamba vitofali havitaondoa maji ila vitayahamisha, na akaomba wajumbe washuke uani. Walishuka, isipokuwa Mama aliyebaki barazani akitazama.

Nyuma ya tangi kuna kipande ambacho Shemeji hakukifikia, mgongo ulipomkaza. Hapo mgagani na mnavu vimesimama hadi magotini, na majani makavu yametanda chini. Katibu alijaza ndoo mbili za lita ishirini. Ya kwanza aliimwaga kwenye kipande hicho. Maji yaliingia chini ya majani, yakazama palepale. Ya pili aliimwaga kwenye sehemu iliyosafishwa. Maji yalikimbia, yakapita chini ya gari, yakafika kizingiti cha jiko na kulowesha viatu vya Mwenyekiti.

Mwenyekiti alidai ndoo ya pili ilimwagwa kwa hasira. Katibu alikabidhi ndoo kwa Shemeji, ambaye hana hasira na mtu. Shemeji alimwaga taratibu, kwa mikono miwili, kama anayemnywesha mtoto. Maji yalifika kizingitini tena.

Shemeji aliweka ndoo chini, akasema: "Kiwandani tulitaka maji yakimbie, tuyasukume nje tuondoke. Hapa kumbe tunataka yakae. Siku ile nilikuwa nasafisha kwa kuelekeza maji jikoni kwa mama mkwe." Kitindamimba alimshika bega.

Mwenyekiti aliuliza kama maji ya mvua yaliyoingia jikoni Januari yalipita njia hii. Alijibiwa kwamba ya Januari yalikuwa machache, maana matuta yalikuwepo. Paa lile ni mita za mraba themanini. Mvua ya saa moja tu inaweza kujaza mapipa kumi. Maji hayo yakikuta zege tupu, yatachagua mlango ulio karibu.

KUMB. NA. 6/7: KURA NA MAAZIMIO

Waliotaka vitofali uani kote: mmoja. Waliokataa: wanne, pamoja na kura ya simu. Mama hakupiga kura, akisema mwenye nyumba haombi nyumba yake kwa kunyoosha mkono.

Iliazimiwa kwamba:

(a) Neno "safi" lisitumike tena katika maazimio ya bustani. Litumike "kupalilia", na kila mmea unaong'olewa utajwe kwa jina. Asiyejua jina la mmea asiung'oe hadi amwonyeshe Mama.

(b) Mboga zirudi karibu na jiko: mchicha, mnavu, mgagani, mlenda, kunde. Upande wa uzio wa jua kali upandwe mikunazi, izuie upepo na itoe matunda. Njia kati ya matuta iwe na upana wa hatua mbili, ipigwe changarawe, isiwe na kona.

(c) Mboga za nyuma ya tangi zisichumwe hata jani moja hadi mbegu zikomae. Mama alisema kipande hicho kinamtosha mboga ya siku mbili. Katibu alisimamia hoja yake: kikiliwa leo kimekwisha, kikiachwa kitajaza uwanja. Mama alisema binti huyu hana huruma, akakubali.

(d) Katibu alete mabomba ya kutoa maji ya paa hadi kwenye matuta. Yanatoka dukani kwake. Aliomba iandikwe hivyo, isije ikaandikwa "familia ilinunua".

(e) Shemeji awe msimamizi wa majani makavu: ayakusanye kote, hata kwa majirani, na kuyatandaza badala ya kuyachoma. Shemeji aliuliza kama anaruhusiwa kuyatandaza kwa mistari. Aliruhusiwa.

(f) Gari lipewe mistari miwili ya zege, ya magurudumu tu, kutoka getini hadi mwanzo wa tuta. Mwenyekiti aliita hili ushindi wa pande zote. Iliachwa hivyo.

Kazi ianze leo, baada ya kikao. Mwenyekiti alisema hakuja na nguo za kazi. Kitindamimba alisema anazo suruali tatu za wateja wasiorudi, achague.

KUMB. NA. 7/7: CHAKULA CHA MAMA HADI MAVUNO

Katibu alieleza kwamba mchicha utachumwa baada ya wiki nne, mnavu na mgagani baada ya sita. Mwenyekiti alipendekeza kwamba katika kipindi hicho Mama apige simu akihitaji, na yeye binafsi atapokea muda wowote.

Mama aliomba nafasi. Alisema:

"Wiki sita si nyingi. Nitakula mtakacholeta, sichagui. Ila kupiga simu nimeacha, kuanzia leo. Mlete kabla sijasema."

Mwenyekiti aliuliza hoja hiyo iandikwe vipi. Katibu alisema iandikwe kama ilivyosemwa. Haikupigiwa kura. Zamu ilipangwa hapohapo barazani, na Mwenyekiti alichukua wiki ya kwanza, kuanzia kesho asubuhi.

KUMB. NA. 8/7: KUFUNGA KIKAO

Kikao kilifungwa saa saba na nusu mchana, wajumbe wakaenda kuchukua majembe.

……………………………
MWENYEKITI

……………………………
KATIBU