Gari Nililolijenga na Baba

Yasato, Ishioka,
Mkoa wa Ibaraki, Japani.
18 Novemba 2018

Mpendwa kaka yangu Norihiko,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. U hali gani huko Curitiba? Wifi Luciana hajambo? Na Emi, lile jino la mbele limeshaota? Huku baridi imeingia mapema. Jiko la mafuta ya taa nimeshalitoa stoo, na Shangazi Tokiko ameshaning'iniza matunda yake ya kaki barazani yakauke, kama kila mwaka. Kifua kinamsumbua kidogo, lakini mdomo ni uleule. Mimi ni mzima wa mwili.

Barua yako niliipata mwanzoni mwa mwezi. Nimeisoma mara nyingi nikairudisha kwenye bahasha bila kujibu. Uliuliza kwa nini kila ukipiga simu Baba yuko bafuni. Kaka, hakuwa bafuni. Nimekudanganya karibu mwaka mzima, nami nimechoka kudanganya.

Nianzie mbali. Mama alipofariki, na Baba akastaafu kule karakana ya matrekta, alikuwa anashinda mbele ya televisheni, sauti ameizima, chai inampoa mkononi. Hakuna nilichomwambia akaitika. Wajua tangu shuleni nilikuwa nakwenda uwanja wa milimani kutazama magari yanavyoserereka, yanakwenda kwa ubavu moshi wa tairi umetanda, na nilitamani siku moja niendeshe la kwangu. Basi nikaenda kwa Hatanaka wa vyuma chakavu, yule rafiki yake Baba, nikachukua gari kuukuu aina ya Silvia. Lilikuwa bodi tupu. Injini hakuna, sakafu imeliwa na kutu, na mche wa mwanzi umeota pale pa kuwekea miguu. Nikalisukumia gereji yetu.

Baba akatoka na ndara zake, akalizunguka mara mbili.

"Umenunua gari au umenunua kutu?"

"Vyote viwili," nikamjibu.

Kesho yake nilimkuta gerejini amevaa ovaroli ya bluu, anang'oa ule mwanzi.

Tulilijenga gari lile kwa miaka miwili. Tulikata sakafu yote iliyooza tukachomelea bati jipya. Tukatafuta injini, tukaipasua, tukaifunga upya. Tukazungushia mabomba ya chuma ndani ili gari likipinduka nisipondeke. Mkono wa breki ya nyuma Baba aliutengeneza mwenyewe kwa wenzo wa trekta, mrefu hadi usawa wa bega langu. Hatanaka alipita Jumapili moja akacheka mpaka akakaa chini. "Iwao, hili gari lako kama sufuria iliyokanyagwa!" Baba akamjibu, "Kanyagwa wewe kwanza, tuone kama utawaka."

Kunisifu hakunisifu hata siku moja. Wewe unamjua, hizo "hm" zake ulizila miaka mingi kuliko mimi. Nikimaliza kuchomelea, anagonga kwa nyundo, anasema "hm", anaondoka. Mara nyingine narudi kutoka kazini nakuta ameshaikata kazi yangu yote kwa msumeno, hasemi kosa liko wapi. Nilikuwa nalia chini ya gari, kisha naanza upya. Lakini alikuwa anakula, Kaka. Alikuwa anaamka na kazi ya kufanya.

Dalili zilianza kama mzaha. Aliniomba spana namba kumi na mbili huku ameishika. Tulicheka wote wawili. Baadaye akawa ananiuliza Mama ameweka wapi majani ya chai. Halafu asubuhi moja mwezi wa Machi nikakuta gia boksi tuliyoipandisha jana yake iko chini sakafuni, imefunguliwa yote. "Nani amefunga hii bila kuniuliza?" akafoka. Nilielewa siku ileile. Nikamwambia Shangazi kwamba Baba amechoka tu.

Sasa nakuja kwenye jambo linaloninyima raha. Mwezi wa Mei tulilipeleka gari uwanjani kwa mara ya kwanza. Magurudumu alifunga Baba. Tangu mwanzo alisema hiyo ni kazi yake. Nilimtazama anavyofunga, mikono ikisitasita. Nilikuwa na spana karibu yangu. Nilitakiwa kukagua. Lakini watu walikuwa wanatuangalia, Hatanaka yupo, na mimi sikutaka kumvunjia heshima. Nikavaa kofia ngumu nikaingia.

Mzunguko wa kwanza gari lilikwenda vizuri mno, Kaka, sijui nikueleze vipi. Wa pili, likiwa linaserereka kwa ubavu, gurudumu la mbele la kushoto likachomoka. Gari likajigonga kwenye ukuta wa matairi. Gurudumu likaruka peke yake, likapita nyuma ya mzee mmoja msimamizi, likakipiga kiti alichokuwa amekalia kabla ya kuinuka wakati uleule. Kiti kilivunjika vipande vipande. Mfupa wangu wa mtulinga, huu wa begani, ulivunjika hapo. Nilikuandikia kwamba niliteleza ngazini. Huo nao ulikuwa uongo.

Baba alikuja mbio. Aliniangalia, akaangalia gurudumu, akawageukia watu. "Binti yangu hajui kukaza nati," akasema kwa sauti. "Miaka miwili namfundisha, hajui kukaza nati!"

Wasimamizi wakaniuliza kama ni mimi niliyefunga. Nikasema ndiyo, ni mimi. Wamenizuia kuingia uwanjani mwaka mzima, na wana haki.

Jioni ile Hatanaka alimsaidia Baba kuvua koti, akakuta nati mbili mfukoni. Alinionyesha kiganjani. Mwanaume yule mwenye kelele, machozi yalikuwa yanamtoka.

Shangazi na mimi tukampeleka kwa daktari. Akamwambia achore saa ya ukutani. Baba akashika kalamu kwa makini, akachora gia yenye meno kumi na mawili, nzuri kabisa, kila jino sawa na jingine. Daktari akatueleza. Ni ugonjwa wa kusahau, na wake unakwenda kasi.

Agosti nikafunga gereji kwa kufuli, asije akajiumiza. Kila asubuhi Baba alikuwa anasimama nje ya mlango na ovaroli yake, kifurushi cha chakula cha mchana mkononi. Siku mbili za kwanza alinitukana. "Fungua, mwizi we! Hayo ni makao yangu!" Siku zilizofuata akawa anasimama tu kwa adabu, kama kibarua anayesubiri karakana ifunguliwe. Majirani wakipita anainama kuwasalimu. Siku ya sita niliondoa kufuli. Sikuweza, Kaka. Nilikuwa naona ninamzika akiwa amesimama.

Tangu hapo tunafanya hivi: mchana anafunga anavyotaka na kufungua anavyotaka, akienda kuoga, mimi nafungua nafunga upya. Gari halisogei mbele. Halina haja ya kusogea.

Mwezi uliopita aliacha kunijua. Hakukuwa na kishindo. Aliingia gerejini, akanikuta nachomelea kipande cha bampa, akasubiri nimalize, akainama. "Samahani fundi, wewe ni mgeni hapa?" Nikasema ndiyo, nimeanza juzi. Akaokota nyundo, akagonga pale nilipochomelea. Nikangoja ile "hm".

"Una mkono mzuri," akasema. "Unamfikia binti yangu kidogo."

Nikamuuliza kama binti yake ni fundi.

"Ananishinda," akasema, akatazama mlangoni kama anaogopa kusikika. "Mwaka wa pili huu nikitafuta kosa kwenye kazi yake silioni. Nyingine nilizikata tu. Nilihofu akishajua kwamba anajua, ataondoka kama kaka yake."

Nikamwambia, "Mzee, kwa nini usimwambie?"

"Naona haya. Ukimwona mwambie wewe."

Nikasema nitamwambia. Kisha nikaingia chini ya gari, nikalala pale nikitazama sakafu tuliyoichomelea pamoja.

Siku chache baadaye nilipata moyo wa kumuuliza habari zako. Alikuwa anafuta spana, akaacha. Alisema mwanawe wa kiume alikuwa na sikio: alikuwa anasikia injini inaumwa kabla haijawashwa vizuri. Akasema siku moja alimrushia spana mbele ya wafanyakazi wote kwa kosa ambalo lilikuwa la kwake yeye mwenyewe, na mtoto akaenda ng'ambo. "Namsubiri aje nimwambie," alisema. Halafu akaniuliza kama nimeshakula.

Kaka, sikuandikii ili ujilaumu. Nyumba ya kutunzia wazee imempatia nafasi kuanzia Februari. Mimi na Shangazi hatuwezi tena peke yetu. Wiki iliyopita tulimkuta barabara kuu, anaongoza malori kwa mikono. Huko hawataruhusu spana wala nyundo. Nadhani akitolewa gerejini hata hayo machache yatakwisha.

Kwa hiyo njoo kabla ya Februari. Hatakutambua, nakuambia mapema usije ukaumia mlangoni. Wala usijitambulishe, maana akiambiwa mtu ni nani huona aibu na kufunga mdomo siku nzima. Ingia tu, inama, sema umetumwa kusaidia kazi ya injini. Shika chochote ufute. Mwache azungumze mwenyewe kuhusu mwanawe. Nimesikia mimi yaliyo yako, na hayakukaa vizuri masikioni mwangu. Yanataka uyasikie kwake.

Shangazi Tokiko anakusalimu sana, anasema ulete kahawa ya huko, ya hapa ni maji ya kuoshea vikombe. Hatanaka naye anakusalimu. Mpe wifi Luciana mkono wangu, na Emi umbusu mashavu yote mawili kwa ajili ya shangazi yake asiyemwona.

Mizimu ya wazee wetu ikulinde njiani, na Mama akuangalie huko uliko.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye siku zote,

Chinatsu