Jina Lililotoka na Homa

Dada Bhoke, shikamoo.

Kabla sijauliza hali yako na ya mapacha, nitoe neno ambalo sijamwambia mtu. Namjua aliyemkata kaka Chacha kule kwenye duara, shimo la kuchimbia dhahabu. Kaka alimtaja mwenyewe, homa ilipompanda. Ni Mwita, mume wako.

Mimi huku hospitalini Mwanza ni mzima, nalala chini kando ya kitanda cha kaka. Panga lilifika mfupa wa paja, kidonda kikaingia usaha. Mwili uliwaka mpaka akawa anapigana na hewa, akilia, "Mwita, acha! Shemeji, utaniua!" Nilimziba mdomo kwa kanga. Akaniuma kidole, damu ikatoka.

Baba mdogo Marwa aliporudi na chai alikuta kaka anagugumia tu.

"Kamtaja nani?"

"Kamwita mama."

Hakuniamini. Akavuta kiti karibu na mdomo wa kaka. Muuguzi alipoleta panadol, baba mdogo akaupiga mkono wake, kikombe kikapasuka ukutani.

"Mwacheni aungue! Homa ndiyo itamfungua mdomo. Akinipa jina, leo hii naondoka, na huyo mtu nitamgawa vipande kama ng'ombe wa tohara."

"Mzee, panadol haiponyi kidonda," muuguzi alisema. "Kinachoponya ni sindano na kuosha usaha. Hii inampunguzia mateso tu, apumzike."

"Kama haiponyi, ya nini sasa?"

Mimi nilijua ya nini. Walinzi walipomtoa nje, anawatukana, nilimwomba muuguzi vidonge vingine. Kaka akameza. Joto likashuka, akanyamaza.

Kidonda hakikubadilika. Kesho yake madaktari walikata nyama iliyooza, akapiga kelele wodi nzima ikasikia. Baba mdogo aliporuhusiwa kuingia alimtikisa bega. "Nani, Chacha?"

Kaka alimtazama, safari hii akili zake zote zipo. "Vumbi lilikuwa jingi, tata. Sikuona, baba yangu." Kisha akaufinya mkono wangu, ule wenye kidonda cha meno yake.

Ulisema shemeji anakuja kumwona mgonjwa. Mzuie, dada. Homa bado inarudi, na baba mdogo bado yuko kitini, panga kalificha kwenye mfuko wa nguo.

Msalimie mama mkwe wako. Mama yetu mwambie kaka anakunywa uji, basi, usiongeze neno. Barua hii anaileta mama aliyekuwa anamuuguza mumewe kitanda cha jirani, hajui kusoma. Ukimaliza, itie kwenye mafiga. Jina hilo lisitoke kwako kamwe, hata ukiwa na hasira naye.

Mdogo wako,
Ghati