Msizike Mgomba wa Winston

Kayanga,
Alhamisi, 19 Septemba 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeamka vizuri, miguu imekuacha ulale na kikohozi kimelegea kwa ile asali. Mimi mwili ni mzima, moyo sitausemea. Vaa miwani yako, Mama, uisome peke yako kabla shemeji Novatus hajaiona. Nimempa Cleophace wa bodaboda, na nimemwapisha asimkabidhi mtu mwingine yeyote pale Nyaishozi.

Najua tangu asubuhi unajiuliza mkaza mwanao nimekwenda wapi na jembe liko pale pale. Niko gesti hapa Kayanga, karibu na stendi, nasubiri basi la kesho alfajiri la kwenda Kahama. Ninakwenda Zambia kumtafuta mwanao Winston. Ninakwenda peke yangu, maana wanaume wa ukoo wote niliowaomba wanisindikize waliniuliza kwanza nani atawalipia chakula.

Unakumbuka Ndyamukama, dereva wa lori, alivyokuja na habari mwezi uliopita. Alisema pale Mpika, huko Zambia, kwenye banda la kuziba matairi, alimwona mtu mwembamba anayetembelea gongo. Akamsalimia kwa Kinyambo, na yule mtu akaitikia kwa Kinyambo bila kufikiri. Lakini alipoulizwa kama yeye ni Winston wa Nyaishozi, aligeuza uso akasema Winston aliyemjua yeye alishakufa. Wazee walipolisikia hilo wakasema basi, shahidi wa kifo amepatikana. Wakapanga Jumamosi ya tarehe 28 tuzike mgomba badala ya mwili, kama wanavyozikwa waliopotea, kisha kibanja chake cha migomba na kahawa kipate mrithi. Novatus anasema ninachokililia ni kibanja tu. Sitakudanganya, Mama, nakililia pia. Nimekilima miaka tisa, sikujaliwa mtoto wa kunitetea, na siku ya pili baada ya mazishi hayo nitaambiwa nifunge mizigo nirudi kwetu. Lakini si hilo linalonitoa nyumbani.

Safari yenyewe sikuikurupukia. Wiki tatu nimekuwa nikienda Nkwenda kila siku ya soko, kumwuliza Anonciata, yule mama anayepeleka maharage mpaka Tunduma bila mume wala kaka. Alinikalisha juu ya magunia akanifundisha kama mtoto wa darasa la kwanza. Alisema fedha nizigawe mara tatu: nyingine kwenye pindo la kitenge, nyingine ndani ya unga wa uji, na kidogo mkononi za kuibiwa. Nisifike mji nisioujua jua likiwa limezama, hata ikibidi nishukie njiani. Kwenye basi nikae karibu na mama mwenye mtoto. Na mwanaume yeyote akiniuliza ninakokwenda, nimwambie mume wangu ananisubiri stendi. Anonciata alisema huo ndio uongo unaowalinda wanawake wasafiri. Hapo nililia mbele za watu, nikamwambia mimi naomba usiwe uongo.

Begi la mgongoni nimelinunua mtumbani, kamba moja ilikatika nikaishona kwa uzi wa gunia. Humo mna kitenge kimoja, sweta, uji, sabuni, hati ya dharura ya kusafiria na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Nauli nimezipiga hesabu mpaka kichwa kikauma: Kahama, Mbeya, Tunduma, halafu ng'ambo ambako sijui hata kwacha inafananaje. Kwenda nimejihesabia mtu mmoja, kurudi watu wawili. Kila nikijumlisha, fedha inaishia Tunduma wakati wa kurudi. Nimefuta chakula cha mchana, nikafuta gesti mbili, bado inaishia Tunduma. Siku nazo ni hivyo hivyo. Nikikosa basi moja tu, nitafika mmeshazika.

Unajiuliza hata hizo nimezitoa wapi. Mama, yale maua ya kahawa uliyoyasifu Jumapili tukitoka kanisani, ukasema mwaka huu Mungu ametukumbuka, siyo yetu tena. Nimeyauza butura kwa mnunuzi wa Nkwenda, mavuno yote ya mwakani kwa bei ya aibu. Najua ulivyotukataza, kwamba auzaye kahawa ikiwa maua anajiuzia njaa. Ulisema kweli. Lakini maji yamenifika shingoni.

Sasa nakuja kwenye lile lililonifanya nikuambie usome peke yako.

Winston alipiga simu. Siyo zile simu za zamani mnazozijua ninyi. Alipiga Machi mwaka jana, kwa simu ya kuazima. Aliniambia ameanguka kutoka juu ya lori, mguu umekatwa, kazi hana tena, na anaomba tumchangie nauli arudi nyumbani. Siku hiyo nilikuwa nimetoka kwa Novatus, tulipomla mbuzi wa kufurahia bati lake jipya, na wake wa shemeji zangu walikuwa wamenicheka mchana kutwa kwa nyasi zetu zinazovuja. Nilikuwa na uchungu, nikaumalizia kwa mgonjwa. Nilimwambia aliyekwenda kutafuta fedha za bati harudi na gongo, na kwamba ni afadhali watu waambiwe amekufa. Kisha akaniuliza habari zako, nikakata simu.

Kesho yake nilipiga namba ile, mwenye simu akasema jamaa ameshaondoka. Sikumwambia mtu. Wahenga walisema mdomo huponza kichwa. Wangu ulikiponza kichwa cha mwenzangu. Ndyamukama aliposimulia, ninyi mlisikia habari ya kifo. Mimi nilisikia maneno yangu mwenyewe yakirudi. Mwanao alikuwa ananitii, Mama.

Nilaani ukitaka, ni haki yako. Ila nakuomba kitu kimoja. Tarehe 28 wakija kukutandikia nyasi sakafuni, usikae. Mama mzazi akikataa kukaa matanga, Novatus hana mazishi. Nipe wiki mbili tu. Asipokubali kurudi, nitamwomba msamaha pale pale kwenye banda la matairi, na nyumbani nitaleta ukweli, kisha mtanifanya mtakavyo.

Nisalimie Mama Egbert na wanakwaya wote, na kuku wangu nakuachia. Usilale bila kunywa dawa.

Nusura nisahau. Ule mgomba wa nyuma ya jiko, alioupanda Winston wiki aliyoondoka, ambao wazee waliufunga kamba kuwa ndio watakaouzika, nimeukata leo asubuhi. Mkungu nimewauzia wanunuzi wa barabarani, nimepata usiku mmoja wa gesti Tunduma. Shina nimelikatakata nikampa mbuzi wako. Alikuwa amelimaliza nilipofunga mlango.

Ni mimi,
Restuta, mke wa Winston