Kishikwambi Kinachotangaza Maksi

Kudra, uko hewani? Nasma kachoka mpaka huruma. Yupo kwangu hapa Kibondo, kajitupa kitandani hata viatu hajavua.

Si walimtuma kutoka Kasulu aangalie kama ile programu ya vishikwambi inawafundisha kweli watu wazima kusoma? Wiki nzima darasa linafeli. Leo asubuhi katuma ripoti: haifundishi.

Mchana mama mmoja, Kezia, kamfuata nje. "Mwalimu, kusoma najua. Lakini kile kidude kinatangaza maksi kwa sauti, na mama mkwe kakaa ubavuni kwangu. Nitampitaje mbele za watu?"

Nitampitaje! Na lile darasa lote ni wakwe kwa wakwe!

Nasma akazima sauti, akampima mama mkwe peke yake. Kapata yote. YOTE, Kudra!

"Sasa bibi, mbona darasani ulikuwa unakosea?"

"Nilikuwa namngoja mkwe wangu. Ningempita, wangemcheka."

Sasa hivi ofisi ya Kasulu imejibu ile ripoti ya asubuhi. Wanashukuru kwa ripoti, vishikwambi vinachukuliwa kesho.

Nasma kausoma ujumbe mara mbili, kailaza simu kifudifudi, ndipo kaanza kuvua viatu.